Bei Bila Risiti

Mteja akiuliza bei ya feni ya mezani Kariakoo, huenda asitajiwe bei. Ataulizwa kwanza: na risiti au bila risiti? Bila risiti ni 100,000, na risiti ni 118,000. Swali huulizwa kwa sauti ya kawaida kabisa, kama muuza chai anavyouliza sukari kiasi gani, na mteja huchagua bila kushusha macho. Wote wawili wanaijua sheria. Mashine ya EFD ya kutolea risiti iko palepale kaunta, imezimwa, na miaka nenda rudi wote wamesikia wimbo wa ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Muuzaji asiyetoa ana kosa, na mnunuzi asiyedai naye ana kosa. Hata hivyo hakuna kati yao anayehisi kwamba pametokea wizi. Muuzaji huyohuyo angemkimbilia mteja hadi njia panda amrudishie chenji ya 5,000 aliyoisahau, maana kula cha mtu ni dhambi, na hilo halina mjadala. Kwa nini basi 5,000 ya mteja iuchome moyo, na 18,000 ya kodi isiuguse? Hilo ndilo ninalotaka kulifuata hapa: je, kodi inaifunga dhamiri, au inaufunga mkono tu, kiasi kwamba afisa akiondoka mlangoni deni nalo linaondoka naye?

Jibu la mtaani linajulikana. Serikali haikunipa mtaji, haikunitafutia wateja, na kila Aprili ripoti ya CAG inapofika bungeni tunasoma namna fedha zilivyochezewa. Kwa hiyo ninachokificha ni changu, na ninakiokoa kutoka kwa walaji. Si jibu la kijinga, wala si la wafanyabiashara peke yao. Mwanafalsafa wa Marekani Robert Nozick aliandika mwaka 1974 kwamba kutoza kodi kipato cha kazi ya mtu ni sawa na kumfanyisha kazi kwa nguvu. Karne nyingi kabla yake Mtakatifu Agustino, Mwafrika wa Kaskazini, alikwisha kuuliza dola isiyo na haki inatofautiana vipi na genge la wanyang'anyi. Sisi wa pwani na bara ya Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu wenyewe. Kodi ya nyumba ya Wajerumani, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, haikuja na zahanati wala shule. Lengo lake mojawapo lilikuwa kumsukuma mkulima aliache shamba lake akaitafute rupia kwenye shamba la mlowezi. Watu waliofundishwa kodi kwa njia hiyo hawawezi kulaumiwa kwa kuitazama kwa jicho la pembeni.

Lugha nayo imeitunza hali hiyo. Kiswahili kina neno moja, kodi, kwa anacholipa mpangaji na anacholipa raia. Mpangaji humlipa mwenye nyumba, na hata akilipa miaka 30 nyumba haiwi yake. Ushuru ni neno la Kiarabu lenye asili katika fungu la kumi. Tozo limetokana na kutoza, kitendo ambacho mhusika hutendewa. Ndiyo maana tozo za miamala ya simu zilipoanza Julai 2021 watu walinung'unika hata kabla ya kupiga hesabu, na ndani ya miezi miwili zikapunguzwa kwa asilimia 30. Lakini tunalo pia neno mchango, na tabia ya watu hubadilika kabisa neno hilo likitajwa. Mchango wa harusi au wa msiba hauna mashine wala askari. Una kamati, una daftari, una orodha inayozunguka kwenye simu ikionyesha nani ametoa na nani ameahidi, na mweka hazina husimama mbele ya watu akasoma mapato na matumizi. Asiyetoa huona haya kupita mbele ya wenzake. Kwa hiyo anayesema Waswahili hawapendi kuchangia ya wote hajawahi kukaa kwenye kikao cha harusi. Tatizo liko kwingine: katika mchango tunamwona tunayemdai na anayetudai, ilhali katika kodi tunamwona mwenye nyumba.

Hapo ndipo jibu la mtaani linapokosea. Linadhani kwamba mdai wa kodi ni serikali, na kwa kuwa serikali ni mdai mbaya, deni limekufa. Turudi kwenye feni. Tuseme muuzaji aliinunua kwa 80,000 na akalipa VAT ya asilimia 18, yaani 14,400, jumla 94,400. Akiiuza kwa 118,000 na kutoa risiti, 18,000 ni VAT aliyoipokea kwa mteja. Anatoa 14,400 aliyokwisha kulipa, anapeleka 3,600, na faida yake ni 20,000. Akiiuza bila risiti kwa 100,000, anabaki na 5,600. Kwa hiyo ukimwona mtu anauza bila risiti kwa bei hiyo na duka linanawiri, mara nyingi pana hesabu nyingine iliyopindishwa nyuma yake: thamani iliyoshushwa bandarini, au mzigo ulionunuliwa bila risiti kwa mwingine aliyenunua bila risiti. (Kilio kwamba asilimia 18 nzima inatoka mfukoni mwa mwenye duka ni cha kweli kwa yule tu aliyekatiwa mnyororo huo kabla mzigo haujamfikia.) Sasa mtazame jirani yake wa mlango wa pili, aliyelipa kila kitu na kutoa kila risiti. Hawezi kushuka hadi 100,000 bila kujinyima. Mteja anampita. Huyo ndiye aliyeibiwa feni ilipouzwa, na si waziri.

Yupo na mwingine aliye mbali zaidi na asiyeonekana kabisa. Mwalimu wa shule ya msingi ambaye mshahara wake unazidi 270,000 kwa mwezi hukatwa kodi kabla fedha haijaingia benki. Hana bei na risiti na bei bila risiti. Barabara ya lami inayoleta mzigo dukani, mahakama inayomlazimisha mdaiwa wa mwenye duka kulipa, askari wa doria usiku: gharama hiyo anaibeba yeye, pamoja na wote ambao mapato yao hayana mahali pa kujificha. Anayekwepa huwa ameamua, bila kumuuliza, kwamba mwalimu amlipie. Nalo hilo ni dogo mbele ya jambo la tatu. Mwenye duka akiuza kwa 118,000 na kuificha risiti, au akaandika 40,000 badala ya 118,000, hapo hakuna tena mjadala wa kilicho changu na kilicho cha serikali. Fedha ile ilitoka mkononi mwa mteja kwa jina la kodi. Ni amana. Vivyo hivyo kodi ambayo mwajiri ameikata kwenye mishahara akaizungusha kwenye biashara yake. Hata anayeamini kwamba serikali yote ni genge hana ruhusa ya kula amana aliyokabidhiwa na mtu mwingine. Katika dini zetu zote mbili kubwa, ubaya wa mpokeaji haujawahi kumhalalishia mjumbe kukila kilichomo kwenye bahasha.

Wapo wanaotaka kulimaliza jambo kwa kwenda mbali zaidi. Liam Murphy na Thomas Nagel, katika kitabu chao cha mwaka 2002, walidai kwamba hakuna kitu kinachoitwa mali yangu kabla ya kodi, kwa sababu bila dola hakuna soko, hakuna hati, hakuna sarafu, na bila kodi hakuna dola. Umiliki wenyewe huanza baada ya hesabu kukamilika. Kwa kiasi fulani wanasema kweli, na mwenye duka anayesema serikali haikumpa chochote angejaribu kukusanya madeni yake mahali pasipo na sheria. Lakini sikubaliani nao hadi mwisho. Ukisema mali yote ni matokeo ya sheria tu, huna tena neno la kumwambia mtawala anayeandika sheria mbaya. Mkulima wa 1898 alikuwa na shamba na jasho kabla ya gavana kufika, na alikuwa na haki ya kuuliza.

Wanazuoni wa kale walikuwa waangalifu kuliko pande hizo mbili. Katika Uislamu zaka ina viwango vyake na makundi yake 8 ya wapokeaji, na ushuru wa dhuluma uitwao maksi umekemewa vikali. Ndiyo maana baadhi ya Waislamu husema kwamba aliyetoa zaka amemaliza. Lakini Ghazali, na baada yake Shatibi, waliruhusu mtawala awatoze wenye uwezo pale hazina inapokauka na hitaji la wote likawa la kweli. Sharti lenyewe lilipata mwili Misri, mwaka 1259 kuelekea 1260, Wamongolia walipokuwa wakija na Sultani Qutuz akataka kuwatoza raia gharama za vita. Shekhe Izzuddin bin Abdussalam alitakiwa kutoa fatwa. Historia inasimulia kwamba alikubali, ila kwanza hazina iwe tupu kweli, na maamiri watoe dhahabu na mapambo yao hadi wawe sawa na watu wa kawaida. Jeshi hilo ndilo lililowashinda Wamongolia Ain Jalut mwaka 1260. Tazama alichofanya shekhe. Hakusema kodi ni haramu, wala hakusema sultani akitaka basi. Alipanga foleni, na akawaweka wakubwa mbele.

Upande wa Injili watu hukimbilia sarafu ya Kaisari, lakini kwangu lenye uzito zaidi ni jibu la Yohana Mbatizaji kwa watoza ushuru waliomwendea mtoni kuuliza wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walichoamriwa. Na Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru, hakuamriwa kutoa chochote. Alisimama mwenyewe akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na mara 4 kwa kila aliyemdhulumu. Wakenya walipompachika Rais William Ruto jina la Zakayo na kuimba ashuke, walilitumia kama tusi. Wachache walikumbuka kwamba katika kisa chenyewe Zakayo alishuka kweli, na akarudisha.

Kumbe basi kodi inaweza kuifunga dhamiri, na mtoza naye ana dhamiri inayofungwa. Ugumu unaanza pale kiasi chenyewe kinapobishaniwa, na hapa sina budi kukaa kidogo, kwa sababu ndipo malalamiko ya haki yalipo. Neno linalotisha kuliko VAT ni makadirio. Afisa anatazama duka, anatazama mzigo, anakisia mauzo, na kisio linageuka deni. Kwamba kisio si ushahidi tulioneshwa kwa kipimo kikubwa mwaka 2017, Tanzania ilipoipelekea kampuni ya madini ya Acacia madai ya kodi, riba na faini ya dola bilioni 190. Shauri lilipomalizwa na Barrick, kampuni mama ya Acacia, makubaliano yalikuwa dola milioni 300 pamoja na serikali kupata asilimia 16 ya kampuni mpya ya Twiga. Sitaki kusema nani alikosea. Natazama umbali tu kati ya tarakimu ya kwanza na ya mwisho. Mwenye wanasheria aliketi mezani akaufupisha umbali huo. Mwenye duka moja akitaka kupinga makadirio ana siku 30, na pingamizi lake halipokewi mpaka alipe kwanza theluthi ya kodi iliyokadiriwa au kiasi asichokibishia, kilicho kikubwa kati ya hivyo, isipokuwa Kamishna amsamehe au ampunguzie. Kwa jicho la hazina ni utaratibu wa kuzuia mapingamizi ya kupotezea muda. Kwa jicho la mtu aliyekadiriwa mara 3 ya uwezo wake, ni kulipa ili asikilizwe. Mamlaka inayotaka deni lake liheshimiwe kama deni la dhamiri haina budi kwanza kuliondoa sharti hilo, au kulishusha liwe la maana kwa mtu mdogo.

Kuna pingamizi la kisomi zaidi. Baadhi ya wanateolojia Wakatoliki wa zamani walifundisha kwamba zipo sheria za adhabu tu: hazikufungi rohoni, zinakufunga kulipa faini ukikamatwa, na wengine wao wakaziweka za ushuru humo. Wafanyabiashara wengi ni wafuasi wa fundisho hilo bila kulisoma. Linaonekana kupata nguvu kwetu, kwa kuwa Sheria ya Fedha hubadilisha mambo kila Julai. Mwaka 2023 kiwango cha mauzo cha kusajiliwa VAT kilipanda kutoka milioni 100 kwa mwaka hadi milioni 200. Aliyekuwa akiuza bidhaa za milioni 150 bila kujisajili alikuwa na kosa Juni. Julai hakuwa nalo. Dhambi gani hiyo inayofutwa na gazeti la serikali? Lakini hoja hii inachanganya tarakimu na wajibu. Dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam huendesha upande wa kushoto hadi Rusumo. Akivuka daraja kuingia Rwanda, anahamia kulia. Hakuna aya wala sura inayosema kushoto. Hata hivyo anayeng'ang'ania kulia Morogoro si mvunja kanuni tu, ni muuaji mtarajiwa. Kiwango ni makubaliano. Wale ambao makubaliano yanawalinda ni watu kweli. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya leo imeliacha fundisho lile na inautaja ulipaji wa kodi kuwa wajibu wa kimaadili.

Tunafika kwenye swali la mwisho: mtu aliyetozwa kwa dhuluma afanye nini? Hapa nadhani kipo kipimo, na historia yetu imekionesha mara kadhaa. Upare, miaka ya 1940, utawala wa Waingereza na machifu walileta kodi ya kukadiria utajiri wa kila mtu, wakaipa jina la mbiru, kutoka kwenye toleo la jadi. Wapare hawakukataa kulipa kodi. Walikataa namna ya kuwakadiria. Januari 1945 maelfu waliteremka milimani hadi Same, wakakaa mbele ya boma mchana kweupe, na kabla muongo haujaisha kodi ile ilikuwa imefutwa. Profesa Isaria Kimambo amewaandikia historia yao. Wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka Mei 2023, na tena Juni 2024, wakataja mbele ya viongozi kinachowaumiza. Kenya, Juni 25, 2024, vijana waliingia barabarani kupinga muswada ambao mwanzoni ulitaka pamoja na mengine VAT ya asilimia 16 kwenye mkate; wengine walilipa kwa maisha yao, na kesho yake rais akakataa kutia saini. Mwaka huohuo Sheria ya Fedha ya Kenya ya 2023 ilibatilishwa na Mahakama ya Rufani kwa kukosa ushirikishwaji wa umma, kisha Mahakama ya Juu ikaihuisha. Unaweza kubishana na kila mmoja wa watu hawa. Kitu kimoja wanacho wote: walisema hatulipi, au hatukubali, mbele ya anayedai na mbele ya majirani. Anayezima mashine hawezi kusema hivyo. Ukwepaji wake unafaa kitu kwa sharti moja tu, kwamba wengine waendelee kulipa na wasijue. Hoja ya dhamiri husemeka hadharani. Ya huyu ikisemwa tu, inakufa.

Utaniambia ni rahisi kusema hadharani ukiwa umati, na kwamba mama mwenye genge au fundi mwenye kibanda akiinua mkono peke yake atafungiwa. Ni kweli, na woga wake ninauheshimu. Lakini tuangalie nani hasa anatozwa. Tanzania mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 4 kwa mwaka hana kodi ya mapato ya kulipa, na aliye chini ya milioni 200 hayuko kwenye VAT. Anayesema bei na risiti na bei bila risiti kwa kawaida si mama wa genge. Mama wa genge ndiye kivuli anachojifichia. Tena woga unaeleza kwa nini mtu amejificha, haumpi umiliki wa alichoficha. Palipo na lawama ya mamlaka tuiseme waziwazi: sheria za kodi zimezaliwa na kukua kwa Kiingereza, na ingawa tangu 2021 Kiswahili kimetamkwa kuwa lugha ya sheria, wenye maduka wengi bado hujifunza wajibu wao siku ya kufungiwa. Sheria ambayo haijamfikia mtu kwa lugha anayoisoma haina haki ya kumwita mwizi kabla haijamwita mwanafunzi.

Kwa hiyo msomaji mwenye duka, zigawe karatasi zako mafungu mawili leo jioni. VAT uliyoipokea kwa wateja na kodi uliyoikata kwa wafanyakazi hazina cha kujadiliwa, hata kama humwamini hata mtu mmoja Dodoma: ya mishahara ipeleke ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, ya VAT kabla ya tarehe 20 kupita. Makadirio unayoyaona ni ya uonevu yaandikie pingamizi kwa jina lako, ndani ya siku 30, na umwoneshe jirani wa mlango wa pili nakala yake.